Zizi la Vioo

Kabla ya kuwasha taa, mjomba huhesabu. Hukaa kwenye kigoda chake mbele ya tangi, kikombe cha chai ya rangi mkononi, akingoja mwanga wa dirishani uingie majini wenyewe, taratibu, jinsi alfajiri inavyoshuka ziwani. Samaki hutoka mmoja mmoja mapangoni. Hahesabu kwa kidole, maana kidole kikisogea kwenye kioo wote hukimbilia mbele wakidhani wameletewa chakula. Huhesabu kwa macho, midomo ikicheza kidogo kama ya mtu anayevuta uradi. Akifika ishirini na nne hunywa funda la kwanza la chai, ndipo ananigeukia. "Haya mjomba, umeamkaje?" Wakati huo mimi nimeshakaa mkekani nyuma yake robo saa nzima.

Nimelala nyumbani kwake Ukonga, Dar es Salaam, mara nyingi, na kila mara nimeamka mapema kwa ajili ya hesabu hiyo. Samaki anaowafuga ni wadogo. Aliyekomaa hazidi sana urefu wa kidole cha shahada. Mwili ni wa buluu iliyokolea, umekatwa na milia myeusi ya wima kutoka kwenye paji mpaka mkiani, kama pundamilia aliyechovywa kwenye wino. Wataalamu walimpa jina la demasoni mwaka 1994, kutokana na samaki waliovuliwa kwenye mawe ya Pombo, upande wa Tanzania wa Ziwa Nyasa, na mwaka 2016 wakamhamishia kwenye jenasi ya Chindongo. Kwao ni kwenye mawe hayo na mengine machache ya jirani. Yumo katika kundi ambalo watu wa ziwa hilo huliita mbuna, samaki wa mawe, na ukoo wake mkubwa ni ule ule wa perege na sato tunaowala, wa furu wa Mwanza na wa kuhe wa Kigoma.

Udogo wake usikudanganye. Dume la demasoni likishajitwalia shimo hufukuza kila kinachopita, na anayemchukia kuliko wote ni yule anayefanana naye. Samaki wa njano anaweza kupita mlangoni akatazamwa tu. Wa buluu mwenye milia atakimbizwa mpaka mapezi yachanike.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Zizi la mjomba ni sanduku la vioo lenye urefu wa sentimita 150, upana wa 50 na kimo cha 55, na kwa hesabu yake wamo mafahali wasiopungua wanane. Ukoo huo umekaa humo tangu 2016, na waliomo leo wengi ni watoto na wajukuu wa wale wa kwanza. Kwa muda mrefu nilidhani amepata njia ya kuwapoza. Sivyo. Hajawahi kujaribu kuupunguza ukali wao hata siku moja. Kazi yake yote, tangu anapopanga mawe mpaka anaporusha chakula, ni kuugawa ukali huo, ili uwe mwingi kwa jumla na mdogo kwa kila anayeupokea.

Mjomba alizaliwa Liuli, mji mdogo wa ufukweni wenye mawe makubwa kiasi kwamba Wajerumani walipaita Sphinxhafen, kwa ajili ya jiwe la bandarini lililowakumbusha sanamu ile ya Misri. Wavuvi wa kwao walitafuta usipa na mbasa. Vijisamaki vya kwenye mawe viliachiwa watoto, na mtoto mmoja akavitazama kuliko wenzake. Alikuwa akilala kifudifudi juu ya jiwe lenye joto, uso karibu uguse maji. "Kila jiwe lilikuwa na mwenyewe," huniambia. "Ukienda kesho unamkuta yule yule, jiwe lile lile." Hakujua kwamba ng'ambo ya ziwa, Nkhata Bay, mtaalamu wa Kiingereza Geoffrey Fryer alikuwa ameyachungulia mawe kama hayo kwa miaka, na kwamba mwaka 1959 alichapisha utafiti wake juu ya namna samaki hao wanavyogawana makao na chakula. Mtoto wa Liuli aliliona jambo hilo hilo kwa macho yake, bila karatasi.

Juu ya mawe yale huota ukoga wa kijani, na ndani ya ukoga mna vidudu vidogo sana. Huo ndio mlo wa mbuna. Madume ya baadhi yao hulinda eneo lao kwa ukali hata ukoga wa hapo ukanenepa kuliko wa kwingine, kama shamba lililozungushiwa ua. Kwa hiyo ugomvi wao una mantiki yake. Anayekimbizwa ni mwizi wa shamba, au mposaji wa wake za wenyewe, na akishafukuzwa hatua kadhaa kutoka mpakani mambo yamekwisha. Ziwa ni kubwa. Aliyeshindwa hukimbia, na kule kukimbia ndiko kunakomaliza ugomvi.

Kwenye tangi aliyeshindwa hukimbia akafika kwenye kioo. Mshindi hajui kioo ni nini. Anachokiona ni jeuri aliyefukuzwa na bado hajaondoka, basi humfuata tena, na tena, mpaka wa kuondoka apatikane kwa njia nyingine. Ufugaji wa mbuna, kwa maelezo ya mjomba, ni kujibu swali hilo moja: aliyeshindwa aende wapi?

Hakuanza akiwa na jibu. Alipokaribia kustaafu kazi ya maabara katika shule moja ya sekondari alinunua demasoni sita, kwa sababu sita walimpendeza na fedha ilitosha sita. Katika miezi minne alibaki mmoja, mnene, ana rangi za kupendeza kupita kiasi, akizunguka peke yake katika maji yaliyokuwa ya wote. Mjomba alimtunza mpaka alipokufa mwenyewe kwa uzee. Hakumlaumu. Alisema amemweka mnyama mahali ambapo kila alilofundishwa na ziwa linageuka kuwa dhambi.

Mara ya pili alichukua vifaranga thelathini kwa mpigo, wote wa umri mmoja, kutoka kwa mfugaji mwenye kizazi kisichochanganyika. Ni jambo linaloshangaza kila anayelisikia mara ya kwanza: ukiwa na samaki wagomvi, unaongeza idadi. Lakini mtazame dume tawala katikati ya umati. Anamkimbiza mmoja nusu hatua, wa pili anakatiza mbele yake, anamgeukia huyo, wa tatu anachungulia shimo, anarudi mbio kulilinda shimo. Kwa siku nzima ametoa vitisho mia, na hakuna aliyepata vitano mfululizo. Katika sita, wote mia wangemwangukia mnyonge mmoja.

Akakosea tena mwaka uliofuata. Palikuwa na dume moja lililozidi, akalivua na kulitenga, akitarajia nyumba itulie. Nyumba iliwaka moto. Nafasi ya juu ilikuwa wazi, na waliokuwa wamekubali kuwa wa pili na wa tatu wakaanza kuigombea. Alipoteza watatu katika wiki moja. Alipomrudisha yule wa kwanza, wenzake walimpokea kama mgeni wakampiga vibaya. Tangu hapo ana kanuni: mkubwa hatolewi kwa sababu ni mkali. Hutolewa akiwa mgonjwa tu. Mkali anayejulikana amewapangia wenzake mahali pa kukaa, na kupangiwa, hata kwa shari, ni nafuu kwao kuliko kutojua.

Idadi peke yake haitoshi. Nenda kayatazame mawe yake. Yamepandishwa kutoka sakafuni mpaka karibu na uso wa maji, kama ukuta ulioachwa matundu kwa makusudi. Ni mawe ya matumbawe ya kuchimbwa nchi kavu, yale yale yaliyojenga Kilwa na Mji Mkongwe wa Zanzibar, mabaki aliyopewa na fundi ujenzi. Ya baharini yenye uhai hayagusi. Aliyasugua kwa brashi na maji matupu, akayaloweka wiki kadhaa, akayajaribu moja moja kwa mikono kuona lipi linakaa juu ya lipi bila kutikisika. Kisha akaanza na sakafu ya kioo: akatandika plastiki ngumu, akaweka mawe ya msingi juu yake, na mchanga akaumimina mwisho kabisa. Wafugaji wapya hufanya kinyume, humwaga mchanga wakajenga juu yake. Mbuna ni wachimbaji. Huchota mchanga mdomoni kutwa, na siku moja jiwe la juu hukosa mguu likaanguka. Likimkosa samaki litakipata kioo.

Kila pango la mjomba lina milango miwili. Hili nililichelewa kuliona, kwa kuwa kwa mbele unaona mmoja tu. Siku aliponisogeza upande wa ubavuni wa tangi akawasha tochi ndipo nilipoona mwanga ukitokea nyuma. "Pango la mlango mmoja ni mtego," alisema. "La milango miwili ni nyumba." Aliyekimbizwa akiingia lazima awe na pa kutokea, na akitokea asionekane na aliyemkimbiza. Hivyo kila jiwe limekaa kuzuia macho. Ukiwa samaki, usimame popote katika tangi lile, huwezi kuona zaidi ya hatua chache za mwili wako kabla ya ukuta kukukatiza. Ugomvi huzaliwa machoni kwanza. Asiyeonekana hafukuzwi. Chini kabisa, kwenye pembe, ameweka vyungu vidogo vya Wakisi wa Matema, akavitoboa matako ili navyo vipate mlango wa pili. Majike huvipenda. Akina mama wa Kikisi walivifinyanga kwa mboga na uji, na sidhani kama kuna anayejua kwamba kazi ya mikono yake imerudi majini kuficha samaki wa ziwa lake.

Umati huo una deni, na deni lenyewe ni uchafu. Samaki ishirini na wanne hula, hunya, na kinyesi chao pamoja na pumzi ya matamvua yao hutoa amonia. Kwenye maji kama ya Nyasa, ambayo pH yake hukaa kati ya 7.7 na 8.6, amonia hiyo ni sumu kali zaidi kuliko ingekuwa kwenye maji ya asidi. Wanaoiondoa ni bakteria wasioonekana, wanaokaa kwenye sponji na kokoto za chujio. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo bado ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Makundi hayo hayanunuliki kwa haraka. Mjomba aliliwasha tangi likiwa tupu, akawa anatia chembe za chakula zioze, na kila jioni kwa wiki sita alipima maji kwa vichupa vya rangi, kama alivyopima kwa miaka yote ya kazi yake. Jirani walimuuliza samaki wako wapi. Aliwajibu kwamba kwa sasa anafuga maji.

Usemi huo ameushika mpaka leo. Mapipa mawili hukaa nyuma ya nyumba yamejaa maji ya bomba, pampu ya hewa ikiyachemsha ili klorini itoke. Kila Jumamosi hunyonya lita 120 hadi 150 kwa mpira, akipitisha ncha yake kati ya mawe kuokota kinyesi, na kurudisha kiasi hicho hicho taratibu. Mawe ya matumbawe nayo yanamsaidia, maana ni chokaa, na chokaa huyeyuka kidogo kidogo ikayafanya maji yawe magumu na kuzuia pH isiporomoke. Wafugaji wa nchi za baridi huhangaika na hita. Yeye huhangaika na Februari na Machi, wakati maji ya Dar es Salaam yanapofikia nyuzi 30. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo na huwaamshia samaki hasira. Hapo hufunua kifuniko na kuelekeza feni juu ya maji, na joto hushuka nyuzi mbili tatu. Umeme ukikatika, anayo pampu ndogo ya betri iliyoning'inizwa msumarini karibu na tangi, pahali ambapo mkono huifikia hata gizani. Bakteria wa kwenye chujio wakikosa oksijeni kwa saa nyingi hufa, na kazi ya wiki sita huondoka nao.

Chakula huja mara mbili kwa siku, kidogo kidogo, na Ijumaa hakiji kabisa. Utumbo wa mbuna ni mrefu, umejikunja mara nyingi, ni wa mla majani. Ukimpa nyama kwa kumhurumia, au moyo wa ng'ombe kama walivyozoea baadhi ya wafugaji, tumbo huvimba, kinyesi huwa cheupe kama uzi, na mara nyingi harudi. Mjomba hutumia vipande vikavu vya spirulina, ule mwani wa kijani wa maziwa ya magadi ambao heroe wadogo wa Natron na Nakuru huuchuja kwa midomo yao. Tazama anavyoutia. Mkono wa kulia hurusha upande mmoja wa tangi, wa kushoto upande wa pili, na kabla vipande havijazama ameshadondosha vingine katikati. Mkubwa husimama akaangalia kulia na kushoto. Hawezi kulinda sehemu tatu kwa wakati mmoja, na katika ule muda wa kusita kwake hata mnyonge kabisa wa tangi anakuwa ameshiba. Nilihesabu siku moja: ni chini ya nusu dakika. Lakini ni mara mbili kila siku, kwa miaka.

Kuzaa huanza na usafi. Dume hutoa mchanga nje ya shimo kwa kinywa chake mpaka sakafu iwe bakuli, rangi zake hukolea kama zimewashwa kwa ndani, kisha husimama mbele ya jike akitetemeka mwili mzima. Jike akikubali, wawili hao huzunguka wakifuatana, pua ya huyu kwenye ubavu wa yule. Jike hutaga yai moja au mawili, ya njano, hugeuka mara moja na kuyaokota mdomoni. Kwenye pezi la chini la dume, karibu na mkia, kuna doa la njano lililo mfano wa yai. Jike hulifuata doa hilo kana kwamba amesahau yai, hufungua mdomo, na hapo hupokea mbegu za dume. Mayai hurutubishwa humo humo mdomoni. Wolfgang Wickler wa Ujerumani ndiye aliyeeleza mwaka 1962 kwamba madoa hayo ni mayai ya bandia. Mjomba hulitazama tendo hilo akiwa amesimama, hata awe amelitazama mara ngapi.

Kisha jike hufunga mdomo, na kwa wiki tatu hivi hali. Koo hushuka likajaa, taya hutafuna bila kutafuna, akiyageuza mayai yapate hewa. Hukaa kwenye chungu cha Wakisi, hutazama wenzake wakila, hafungui mdomo. Hapa ndipo ufundi unapoanza kuuma, kwa sababu ndani ya tangi lenye umati vifaranga wachache sana husalimika, na jike aliyekonda ni rahisi kuonewa. Lazima atolewe. Lakini kumtoa mchana ni kubomoa ukuta mzima na kuvuruga mipaka yote. Mjomba hungoja usiku wa kumi na nane. Taa zimezimwa saa tatu zilizopita, samaki wamelala. Huingiza nyavu mbili, ndogo ya kusukuma na kubwa ya kupokea, na tochi iliyofunikwa kwa kitambaa chekundu. Nimemshikia tochi hiyo. Hakuna neno linalosemwa. Mkono wake huingia majini bila kusikika hata tone, na jike hutoka kwenye chungu na kuingia wavuni akiwa bado nusu usingizini.

Kwenye bakuli pana la maji ya tangi lile lile humshika kwa vidole vilivyolowa, humgeuza kichwa chini na kuifungua taya kwa ncha ya kijiti laini cha plastiki. Vifaranga hudondoka mmoja mmoja: kumi, kumi na wawili, mara moja kumi na tisa. Ni wadogo mithili ya punje za mchele, lakini wameshakamilika, milia yote ipo, buluu yote ipo. Huhamia tangi dogo lenye chujio la sponji, na kesho yake hula unga wa spirulina uliosagwa kwa kidole.

Jike sasa ana njaa ya karibu wiki tatu na anahitaji kupumzika. Ukimpumzisha sana, wenzake watamsahau, na akirudi atakuwa mgeni. Ukimrudisha upesi, atarudi dhaifu. Mjomba amejaribu siku moja, siku tano, wiki. Siku mbili za chakula chepesi ndizo zilizomshinda kidogo kuliko zote. Humrudisha usiku, na usiku huo huo husogeza mawe mawili matatu. Asubuhi wote ishirini na wanne huamka kwenye nyumba iliyobadilika. Kila mmoja ana mpaka wa kutafuta, kila mmoja ni mgeni kiasi, na katika shughuli hiyo hakuna mwenye nafasi ya kuuliza huyu mmoja alikuwa wapi.

Vifaranga wakikaribia kuanza kugombana wenyewe, huwagawa. Hatoi chini ya kumi na wanane, na kwanza humuuliza mpokeaji ukubwa wa tangi lake. Kijana mmoja alikuja nikiwepo, ana fedha mkononi, anataka wawili tu wa kupamba sebule. Mjomba alimkaribisha chai, akamwonyesha mawe, akamwonyesha mapipa. Mwisho akamwambia, "Wawili siuzi, mwanangu. Nikikupa wawili, nimekupa mmoja na msiba." Kijana aliondoka mikono mitupu. Mwaka uliofuata alirudi na vipimo vya tangi vilivyoandikwa kwenye karatasi, akapewa ishirini.

Hataki pia kuwachanganya na mbuna wanaoweza kuzaa nao. Wenzao pekee humo ndani ni samaki watano wa njano, ambao hawamo katika hesabu ya alfajiri na wala hawaingii kwenye mashindano ya wenye milia. Juu ya hili ana funzo la ziwa lingine. Ziwa Victoria lilikuwa na mamia ya aina za furu. Mmoja, mwenye mgongo mwekundu, alipewa jina la nyererei mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu, na jenasi yake leo huitwa Pundamilia, kwa Kiswahili chetu. Sangara aliyepandikizwa ziwani humo aliwamaliza wengi. Wengine walipotea kwa njia ya kimya zaidi: mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yanapochafuka, majike hushindwa kutofautisha rangi za madume, aina zikaanza kuingiliana na kuwa moja. Zipo koo za furu ambazo leo hutunzwa ndani ya vioo vya Ulaya na Marekani. Kwa hiyo mjomba ana daftari. Kila kizazi kimeandikwa humo: tarehe, jike, idadi, waliokwenda kwa nani. Makao ya demasoni ni mawe machache tu, na yeye hukumbuka jinsi jiwe moja linavyohesabika.

Mara ya mwisho nilipolala kwake ulikuwa usiku wa kumrudisha jike. Nilishika tochi kama kawaida. Alipokwisha kumwachia akasimama, mikono ikichuruzika maji, macho kwenye mawe. Nilingoja asogeze. Akasogea yeye, kando. "Sogeza wewe, mjomba," akasema.

Nilitazama kwa muda. Nikapeleka mkono kwenye chungu cha pembeni, nikakizungusha kiasi cha upana wa kiganja, mlango wake wa nyuma ukaelekea kwenye kivuli cha jiwe kubwa. Kisha jiwe moja la juu, nikaligeuza ubavu. Alichungulia kwa ubavuni, akatikisa kichwa kukubali, tukalala.

Alfajiri nilimkuta ameshaketi, na pembeni yake kigoda cha pili. Hakuhesabu. Aliniangalia. Nikahesabu kwa macho, kama anavyofanya: watatu juu, sita kwenye mchanga, mmoja anachimba tayari, wawili wamekabiliana midomo wazi wakipimana mpaka ulipo sasa. Nikafika ishirini na tatu. Nikarudia, ishirini na tatu. Alikunywa chai yake bila kusema kitu, na mimi sikuuliza. Mwanga uliongezeka. Mkubwa alipita mbele ya chungu, akachungulia mlango wa mbele, na wakati huo huo jike mwembamba akatoka kwa mlango wa nyuma, akapita kivulini nyuma ya jiwe, akajiunga na wenzake kwenye mchanga.

"Ishirini na nne," nikasema.

Mjomba akainuka, akawasha taa.